Ati mzee wangu ako wapi: uzoefu wangu na .22 mpya na risasi za kasi

Kwanza niseme bunduki yenyewe sina shida nayo. Ama niko na shida nayo, sijui, wacha niandike tu tutajua mwishoni nimesimama wapi.

Ni .22, ile ya risasi ndogo, ya bolti (unavuta komeo kwa mkono kila ukipiga moja), mpya kabisa, vibali nimengojea mpaka nikasahau inafanana aje. Wanaiuza kama bunduki ya kuwinda lakini sote tunajua hapa kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo mimi nawinda karatasi na mikebe kwa renji, uwanja wa shabaha wa klabu yetu nje ya Nakuru. Mambo ya uzito na urefu wa mtutu tafuta mwenyewe. Mimi nataka kuongea juu ya jamaa wa kaunta.

Duka liko Nairobi, sitalitaja. Nimetoka Njoro saa kumi na moja alfajiri, nimekula jam yangu yote, nafika na cheti mkononi, jina langu, picha yangu, na huyu jamaa anaangalia cheti, ananiangalia mimi, anaangalia nyuma yangu kwa mlango halafu anauliza, "Mama, mzee ako wapi nimuelezee hizi risasi?" Mzee gani? Nikamwambia mzee nimemwacha anakamua ng'ombe. Akacheka sana, alifikiri ni mzaha. Si mzaha, hiyo saa alikuwa anakamua kweli na kelele za bunduki hata hazipendi.

Nikaomba zile za mwendo wa pole, za shabaha. Ati, "Hizo ni za watoto, mama, chukua za kasi, hizi ndio risasi." Na risasi si sukuma wiki, ukikosea leo utarudi kesho uchukue zingine. Cheti kinasema unaruhusiwa ngapi, ukishajaza umejaza. Nikabishana kidogo lakini nyuma yangu kuna wanaume wanne kwa foleni wananipumulia, nikachoka, nikachukua boksi tatu za kasi na moja ya pole ndio tuheshimiane. Hapo najilaumu. Nikitoka akanipigia kelele kitu kingine huko nyuma, sikugeuka.

Sasa siku ya kupima. Ilikuwa Jumamosi fulani, ama Jumapili, jua la kuchoma kisogo. Mzee mmoja wa klabu aliniazima kronografu yake, ile ya macho mawili, unaiweka kama mita tatu mbele ya mdomo wa mtutu, risasi ikipita juu inaona kivuli kwa jicho la kwanza halafu la pili, inapiga hesabu ya mwendo. Hiyo mashine haipendi jua kali. Risasi ya kwanza, haikusoma. Ya pili, haikusoma. Ya tatu ikaniambia futi 2,900 kwa sekunde, na .22 haiwezi kwenda hivyo hata ukiisukuma na mkono wa Mungu. Nilikuwa na kitambaa cheupe cha kuchujia maziwa kwa gari, nikakifunga juu ya zile waya zake kama kahema, na hapo hapo ikaanza kusoma vizuri. Nawaambia watu hii bure.

Boksi ya kasi imeandikwa futi 1,250 kwa sekunde. Nilipata 1,190, nikapata 1,268, nikapata 1,224, kila moja na lake kama watoto wa shangazi. Kwa karatasi, mita hamsini, ilikuwa aibu. Matundu matano yametapakaa hadi kiganja changu hakiyafuniki. Nikafikiri ni mimi. Nikaweka bunduki kwa kigunia cha mchanga, nikapumua, nikajaribu tena, nikakaza skrubu za darubini (hazikuwa zimelegea), nikajaribu tena. Upuzi ule ule.

Sababu inajulikana, si uchawi. Sauti inasafiri kama futi 1,125 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la kawaida, na hizi risasi za kasi zinatoka kwa mtutu zikiwa juu ya hapo halafu zinapungua, zinashuka chini ya mwendo wa sauti njiani kuelekea karatasi, na pale kwa kuvuka ndio zinayumbishwa. Za pole zinatoka tayari ziko chini, hakuna mahali pa kuvuka. Na huyu mtu anauza hizi vitu kila siku!

Nikampigia simu palepale renji. Nikamweleza namba moja moja. Akanyamaza, nikajua sasa tunaongea kama watu, halafu akasema, "Sawa mama, hebu mpe mzee simu."

Wacha niwaambie, nilikata simu na nikaapa hiyo bunduki nauza, na duka nalianika, na nikaanza kuandika haya maneno kwa kichwa nikirudi kwa benchi, na yalikuwa makali kuliko haya.

Juu ya hasira tu nikafungua boksi ya pole. Mwendo: 1,058, 1,066, 1,051, 1,070, safi, na boksi imeandikwa 1,070. Nikajua nimefika. Nikaenda kuangalia karatasi nikakuta kumi za kwanza zimetapakaa karibu kama zile zingine. Hapo nikakaa chini kwa nyasi.

Na hapo, nikiwa chini, ndio nikakumbuka kile alichonipigia kelele mlangoni: "Ukibadilisha aina, choma risasi kama ishirini kwanza kabla hujahesabu!" Hizi risasi ndogo zinapakwa nta, kila kampuni na yake, na mtutu lazima uvae nta mpya ndio utulie. Hiyo naijua, marehemu baba alinifunza nikiwa darasa la sita, na nimesahau kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nikachoma nane zingine. Halafu tano. Nikatembea hadi karatasini, nikatoa shilingi kumi mfukoni, nikaiweka juu ya matundu, na yote matano yakapotea chini yake. Nikarudia mara nne zaidi. Moja tu ndio iliteleza nje, na hiyo ni mimi nilivuta triga vibaya, nilisikia kwa kidole.

Kwa hivyo bunduki ni nzuri. Nimesema. Ni nzuri sana, triga ni kama kugusa maji. Jamaa wa kaunta anajua kazi yake, hiyo pia nasema nikiwa nimeuma meno, lakini kama aliijua ile ya ishirini basi pia alijua za kasi zitanifanya nini kwa mita hamsini na bado akaniuzia boksi tatu, sasa huyo ni mjuzi ama ni mwizi? Jana nilikuwa nimempa nyota nne. Nikiandika hapa zimeshuka hadi mbili. Mbili na nusu.

Za kasi ziko karibu zote kwa sefu, hazina kazi. Za pole zimebaki saba. Nimepigia simu kila mahali nilipoambiwa, na mwenye ako nazo sasa hivi ni yeye.