Seva ya barua pepe ya ofisi: kagua ukurasa wa msimamizi kabla hujalipia

Jumamosi moja nilikuwa harusini Morogoro, sahani ya pilau mkononi, simu ikaita. Ni bosi wa ofisi moja ninayoihudumia Dar es Salaam. "Fundi, mhasibu tumeachana naye leo asubuhi. Mfungie barua pepe kabla hajafika nyumbani."

"Sawa bosi, nipe dakika tano."

Hazikuwa tano. Seva waliyokuwa nayo ilikuwa na ukurasa wa msimamizi uliotengenezwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta. Kwenye simu kitufe cha kuhifadhi kilijificha nje ya kioo, na kila nikiuvuta ukurasa pembeni orodha ya watumiaji inarudi mwanzo. Nilimaliza baada ya dakika arobaini, pilau imepoa, na kumbukumbu za seva zikaonyesha kwamba mhasibu alikuwa ameshajitumia mafaili kadhaa ya wateja kwenye anwani yake binafsi.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue seva gani, siulizi kwanza anataka gigabaiti ngapi. Namuuliza: nani atakayebonyeza? Kazi za kila siku za kusimamia barua za ofisi ni tatu tu. Mtu kasahau nywila. Mtu kaajiriwa au kaondoka. Mtu anasema "nimetuma lakini haijafika". Kama dada wa mapokezi anaweza kuimaliza ya kwanza bila kunipigia, bosi akaimaliza ya pili kwa simu yake, na ya tatu ikajibiwa kwa ushahidi badala ya kubahatisha, hiyo ndiyo seva ya kununua. Mpangilio ulio hapa chini nimeufanya kwa kipimo hicho, kwa ofisi ya watu 10 hadi 40 isiyo na mtu wa TEHAMA wa kudumu. Bei ni za wakati naandika. Hubadilika, kwa hiyo hakikisha mwenyewe.

Jambo moja kabla ya yote, maana limeshaziumiza ofisi nyingi kuliko virusi: kikoa (jina linalokuja baada ya @ kwenye anwani zenu) kiandikishwe kwa jina la kampuni. Yule kijana aliyewatengenezea tovuti akikiandikisha kwa jina lake, siku mkigombana naye au akihamia nchi nyingine, barua zenu zote ziko mfukoni mwake. Kwa .co.tz msajili wa vikoa aliyeidhinishwa atakuonyesha nani mwenye kikoa. Kagua leo, hata kama huna mpango wa kununua chochote.

Namba moja: Zoho Mail, kifurushi cha kulipia

Najua wengi walitarajia Google ikae hapa. Piga hesabu ya ofisi ya watu 20. Kifurushi cha chini cha Zoho ni kama dola 1 kwa mtu kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, yaani dola 240 kwa mwaka. Google kwa kifurushi chake cha kuanzia ni kama dola 7, yaani dola 1,680. Tofauti hiyo inanunua kompyuta mpakato mbili nzuri, na mpokeaji wa barua hatajua umetumia ipi.

Ukurasa wake wa msimamizi umejaa vitu. Menyu ndani ya menyu, na mara ya kwanza utapotea. Lakini kazi zile tatu ziko karibu, na kuna programu ya simu kwa ajili ya msimamizi peke yake. Ningekuwa nayo Morogoro ningekula pilau ya moto.

Upungufu upo. Gigabaiti 5 kwa mtu zinamtosha mwalimu au karani. Mchora ramani au mtu wa manunuzi anayepokea PDF nzito kila siku atazijaza mapema. Tena usichanganye na kifurushi cha bure cha watu 5: kile unasoma barua kwa kivinjari au programu yao tu, huwezi kukiunganisha na Outlook. Nimeshaona ofisi imehamia huko, Jumatatu mkurugenzi anafungua Outlook, haina kitu.

Namba mbili: Google Workspace

Kwa ukurasa wa msimamizi peke yake, hii ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kushika. Bei tu ndiyo imeishusha.

Kinachonifurahisha zaidi ni kugawa madaraka. Unaweza kumpa dada wa mapokezi cheo cha kubadilisha nywila za wafanyakazi wa kawaida na asiweze kitu kingine: hafuti mtu, hagusi mipangilio, habadilishi nywila ya msimamizi mkuu. Kwa ofisi nyingi hapo ndipo simu za fundi zinapokatika. Pia ukimfuta mtumiaji kwa makosa una siku 20 za kumrudisha, na kabla ya kumfuta mfumo unakuuliza mafaili yake yaende kwa nani.

Halafu kuna utafutaji wa kumbukumbu za barua. Mtu wa mauzo anakuja amekasirika: "Nilimtumia mteja bei juzi, anasema hajaiona." Unaandika anwani mbili na tarehe, unabonyeza, unaona barua ilitoka saa ngapi na seva ya upande wa pili ilijibu nini. Ikianza na 250, wameipokea. Mwambie mteja atazame kwenye barua taka. Ukiona 550 5.1.1, anwani hiyo haipo, na mara nyingi ukiisogelea utakuta mtu kakosea herufi ya jina kabla ya @. Mazungumzo yanaisha hapo hapo.

Angalia nafasi: gigabaiti 30 za kifurushi cha kuanzia ni za barua na Drive (hifadhi ya mafaili ya Google) kwa pamoja. Video za sherehe ya mwisho wa mwaka zinakula nafasi ile ile ya barua.

Namba tatu: mailcow kwenye seva ya kukodi

Hii ni kwa ofisi yenye sababu ya kutaka barua ziwe mikononi mwake: mawakili, kliniki, au shirika ambalo kulipa kwa kichwa hakuwezekani kwa sababu lina anwani 150 na watu 30 tu wanaozitumia sawasawa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na wateja wameanza kuuliza taarifa zao zinakaa wapi. Jibu la "ziko kwenye seva yetu, nchi fulani, jengo fulani" lina uzito.

Mailcow ni programu huria, huilipii leseni. Unakodi seva yenye RAM ya gigabaiti 6 au zaidi (chini ya hapo kikagua virusi kitaishusha), na unapata Postfix (inayotuma na kupokea barua), Dovecot (inayozitunza), kichujio cha barua taka cha Rspamd na kalenda ya SOGo, vyote nyuma ya ukurasa mmoja. Na ukurasa huo ni msafi. Unaongeza kikoa, unaweka kiwango cha nafasi, unaona barua zilizozuiliwa karantini, na kuna sehemu inayokagua rekodi zako za DNS (maelezo ya kikoa yanayoelekeza barua ziende wapi) moja moja na kukuonyesha ipi imekosewa.

Nikuonyeshe kwa nini naupenda. Asubuhi moja ofisi ya wateja wangu inalalamika barua hazitoki. Nafungua sehemu ya foleni: barua zaidi ya elfu tatu zimejipanga, zote kutoka anwani ya mtu mmoja, zote zina kichwa cha habari kimoja kuhusu urithi wa mamilioni. Nywila yake ilikuwa jina la kampuni na mwaka. Namfungia, nafuta foleni, namwekea kikomo cha barua kwa saa, nambadilishia nywila. Mibonyezo minne, kahawa haijaisha. Kwenye seva ya zamani isiyo na ukurasa kazi hiyo ni mistari ya amri ambayo hakuna mtu wa ofisini angeithubutu.

Sasa machungu. Kwanza, si kila kitu kiko kwenye kivinjari: kuisasisha unaingia kwenye seva kwa mistari ya amri, kwa hiyo fundi bado anahitajika, walau mara moja kwa mwezi. Pili, matoleo yake yamekuwa yakija na jina la msimamizi admin na nywila moohoo. Dunia nzima inaijua. Ibadilishe kabla hujafanya kitu kingine chochote, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili.

Tatu, na hili ndilo linalowatoa watu jasho: kufanya barua zako zipokelewe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti. Mtumaji yeyote anatakiwa awe na SPF au DKIM (rekodi zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwako), na anayetuma kwa wingi awe na vyote pamoja na DMARC (inayosema barua isiyothibitika ifanywe nini). Anwani ya IP ya seva yako (namba yake kwenye intaneti) lazima pia irudi kwenye jina lake, na rekodi hiyo, iitwayo PTR, huiweki kwenye kikoa chako, anaiweka anayekukodisha seva. Kampuni nyingine za kukodisha seva huifunga poti 25, mlango ambao seva hutumiana barua, kwa wateja wapya. Uliza hilo kabla ya kulipa, kwa maandishi: "Mnafungua poti 25? Mnaweka rekodi ya PTR?" Wakijiumauma, nenda kwingine.

Kodi ya seva ni kati ya dola 10 na 50 kwa mwezi kutegemea unakokodi. Ongeza bakapu sehemu nyingine na mshahara wa fundi, halafu linganisha tena na Zoho. Kwa watu 12, Zoho inashinda. Kwa anwani 150, haishindi.

Namba nne: barua zinazokuja na tovuti, kwenye cPanel

Ofisi nyingi ziko hapa bila kujua kwamba zilichagua. Walilipia tovuti, barua zikaja kama nyongeza, zote zikisimamiwa kwa cPanel, ukurasa wa kuendeshea tovuti. Ukurasa wenyewe ni rahisi kuliko wote: kuongeza anwani ni kama kujaza fomu ya mapokezi, na kuna sehemu ya kufuatilia barua ilifika wapi.

Tatizo ni majirani. Kwenye seva ya pamoja mnatumia anwani moja ya IP, kama nyumba ya kupanga yenye choo kimoja. Mmoja akituma barua taka, wote mnafungiwa, na hakuna kitufe cha kuwasafisha. Nafasi nayo ni moja kati ya tovuti na barua. Kwa watu watatu au wanne, kaa hapo. Mkifika kumi, hameni.

Namba tano: Microsoft 365

Nimeiweka chini si kwa ubaya wa barua zake. Kisanduku cha barua kwenye kifurushi cha biashara cha chini ni kikubwa, na kama ofisi yenu inaishi kwenye Excel na Outlook, ipandisheni hadi namba mbili. Ila ukurasa wa msimamizi si mmoja. Watumiaji hapa, barua kule, usalama kwingine, na majina ya menyu hubadilika mpaka maelekezo uliyomwandikia katibu mwaka jana hayafanani tena na anachokiona. Mimi mwenyewe hutafuta.

Kuhusu kununua Exchange, programu ya seva ya barua ya Microsoft, ya kufunga ofisini: mtu akikuuzia toleo la 2016 au 2019, mwambie Microsoft iliacha kuyahudumia Oktoba 14, 2025.

Ambazo singenunua

Zimbra ya bure, programu nyingine ya seva ya barua, niliipenda zamani. Toleo 8.8.15 lilifikia mwisho wake Desemba 2023, na kuanzia la 9 hawatoi tena toleo la bure lililo tayari kufungwa. Kama unayo, panga kuhama. Ya kulipia ni habari nyingine, ila kwa ofisi ndogo bei haina maana.

Webmin (programu ya kusimamia seva kwa kivinjari) juu ya Postfix, kwenye kompyuta iliyo chini ya meza, ni shule nzuri ya kujifunzia kazi. Kwa ofisi, hapana. Laini nyingi za intaneti za kawaida zina IP inayobadilika, na seva za barua duniani huzikataa hizo kabla hata hazijasoma barua. Umeme nao mnaujua. Na ukurasa wa Webmin kwenye poti 10000 usiachwe wazi kwa dunia: mwaka 2019 iligundulika kwamba toleo 1.890 lilikuwa limepachikwa mlango wa siri na watu walioingilia mitambo ya watengenezaji wake. Ukurasa wowote wa msimamizi, wa programu yoyote, ni mlango. Exchange zilivamiwa kwa wingi mwanzoni mwa 2021 kupitia huo huo upande wa wavuti.

Nakiri faida moja ya seva ya ndani. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, mwenye seva ofisini aliweza kutumiana barua na mwenzake wa chumba cha pili. Wengine tulitumia miguu.

Kabla ya kulipa

Omba akaunti ya majaribio, na usiijaribu wewe. Mkalishe yule atakayeitumia, mpe simu yake mwenyewe, mwambie: ongeza mtu, mbadilishie nywila, mfungie. Nyamaza. Kila anapokuuliza "hapa nabonyeza wapi?", andika alama. Zikizidi tatu, jaribu nyingine.

Mkihama, hameni Ijumaa jioni, na siku mbili kabla punguzeni muda ambao rekodi za DNS hukumbukwa na seva nyingine (TTL). Seva ya zamani iacheni hai wiki mbili, kwa sababu barua chache zitaendelea kuangukia huko. Namba za dharura za akaunti ya msimamizi mkuu zichapeni kwenye karatasi, zikae kwenye kasha la ofisi pamoja na leseni ya biashara. Si kwenye simu ya fundi, maana fundi naye huenda harusini.