Kutetea tasnifu: ujisomee au ukaangwe na wenzako?

Wanafunzi wa uzamivu, wawe wa chuo cha sayansi cha Nelson Mandela kule Tengeru au wa chuo cha tiba cha KCMC Moshi, hawaishi kubishania hili: ujiandae vipi kuitetea tasnifu yako mbele ya watahini?

Kwa gharama, kujisomea kunashinda: nakala iliyochapwa na kalamu, basi. Utetezi wa majaribio, yaani wenzako wakuhoji kama watahini, unataka chumba, watu watatu wenye nafasi kwa saa moja, na chai kwa sambusa, maana hakuna atakayekubana vizuri akiwa na njaa.

Ila kwa kukuandaa kujibu, utetezi wa majaribio unashinda kwa mbali. Kwa nini sampuli hii na si ile? Mchango wako mpya ni upi? Kichwani majibu yanateleza. Mdomoni, tena kwa Kiingereza baada ya kushinda ukiongea Kiswahili, unagugumia. Angalia tu usiite marafiki watupu, watakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwalimu wa idara nyingine, asiyeijua mada yako, huuliza maswali magumu kuliko wote.

Lakini wenzako hawatagundua kwamba jedwali la sura ya nne linapingana na maelezo yake. Hilo utaliona wewe ukisoma polepole, au ataliona mtahini wa nje.

Uliyewasilisha zamani kidogo ukarudi kazini, anza na kusoma. Tasnifu imeshakuwa ngeni kwako. Uliyemaliza kuandika juzi, itishe jopo la wenzako. Na mwenye zamu za wodini? Soma usiku, omba rafiki mmoja akuhoji kwa simu Jumapili.