Vitrekta roboti vya umeme kwa shamba la miti: kipi ununue ukiwa Unguja au Pemba

Haya yakhe, sikuhizi kila mtu anatumiwa vidio za vitrekta vinavyojiendesha vyenyewe kwenye mizabibu ya California na Ufaransa, halafu anauliza kipi kitamfaa shambani kwake. Vingi havikutengenezwa kwa shamba kama letu, mkarafuu hapa, mnazi pale, chini umepita muhogo na migomba, mstari hakuna, sasa roboti ya kufyeka utaiambia nini? Kwake muhogo na majani ni kitu kimoja. Nimevipanga kwa kazi vitakayofanya huku.

Namba moja ni kigari cha mzigo, na kinachojulikana ni Burro cha Philadelphia, Marekani. Kinabeba kama kilo 225, kinamfata mtu kwa kamera au kinakwenda na kurudi kwenye njia uliyokifundisha, na kilianzia kwenye mashamba ya zabibu za kula. Msimu wa karafuu Pemba kinachoua mtu ni vile vilima, unashuka na pakacha kichwani mpaka barabarani, unapanda tena mtupu, na hiyo ndo kazi ya kumpa mashine. Ila muulize muuzaji kinapanda mlima wa digrii ngapi kikiwa kimejaa, asikupe namba ya kikiwa kitupu, na udongo mwekundu wa masika unavyoteleza unaujua mwenyewe.

Namba mbili, roboti ya XAG R150 ya China, inabeba kilo 150 au unaifunga bomba la kupigia dawa, na betri yake ukichomoa unaweka nyengine kazi inaendelea. Nzuri kwa mwenye michungwa au mipapai iliyopandwa kwa mistari. Inatembea kwa RTK, yani kuna kistesheni kinachosahihisha setilaiti mpaka makosa yabaki sentimita chache, lakini chini ya mwembe mkubwa setilaiti hazionekani vizuri, kwa hiyo ijaribu pale penye kivuli kizito, usikubali kuoneshwa uwanjani.

Tatu Monarch MK-V, hii trekta kweli, hospawa 40 na kwa muda mfupi inafika 70, unaweza kukaa ukaiendesha au ukaiachia. Kampuni iliitangaza 2020, baadae bei ikapanda sana, na 2025 kampuni yenyewe ikayumba, kwa hiyo uliza kwanza kama bado inauzwa. Labda ushirika au mwekezaji, na bado fundi utamtoa wapi?

Za mwisho ni zile za Ufaransa zinazopita juu ya mzabibu, miguu huku na huku, kama Bakus ya VitiBot na Ted ya Naïo. Mashallah ni nzuri kuangalia, lakini mkarafuu wa mita 10 zitaupita juu vipi?

Yoyote utakayochukua, tafuta betri ya lithiam fosfeti, inastahmili joto kuliko aina nyengine za lithiam. Chaja iwe ya fezi moja, shamba lenye fezi tatu ni la kutafuta kwa tochi. Plagi na viungio viwe IP67, hiyo inazuia vumbi na inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa, maana hewa ya chumvi hapa inakula shaba mpaka waya unageuka kijani. Na betri ya akiba agiza mara moja, ije kontena moja na mashine, maana lithiam kubwa kama mzigo ndege za abiria hazipakii, ukiitaka peke yake baadae utaisubiri meli.