Mashine ya kupachika kwa boti ndogo ya uvuvi: ipi itangulie, ipi ifuate

Mashine inayozima katikati ya mkondo wa Pemba wakati wa kusi haimwachii nahodha nafasi kubwa, kwa kuwa maji ya hapo hukimbilia kaskazini kwa nguvu, na kina chake, kinachofika mita 800 hivi, hakishiki nanga. Kwa hiyo mashine zilizotajwa hapa zimepangwa daraja kwa swali moja: ikiharibika leo, ni nani ataitengeneza kesho, na kwa spea za kutoka wapi? Bei, mwendo na ulaji wa petroli vimezingatiwa, lakini baada ya hilo.

Kabla ya kuchagua jina, mnunuzi achague ukubwa. Chombo cha mbao cha mita saba, ambacho hupasua maji badala ya kupanda juu yake, hakiwezi kuzidi sana maili sita na nusu za bahari kwa saa hata kikipachikwa mashine yenye nguvu za farasi 40. Nguvu ya ziada huishia kwenye wimbi la nyuma ya tezi na kwenye gharama ya petroli. Ngalawa na mashua ndogo hutoshwa na farasi 8 hadi 15, ilhali boti ya fiberi inayobeba mabaharia, nyavu na barafu huhitaji 25 hadi 40. Mnunuzi apime pia kimo cha ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya chombo unaopachikwa mashine, kwa sababu kuna mashine za mguu mfupi wa sentimita 38 na mrefu wa sentimita 51, na mguu mfupi ukiwekwa kwenye tezi ndefu, pangaboi huvuta hewa kila wimbi linapopita.

Daraja la kwanza, kwa wavuvi walio wengi, ni Yamaha Enduro ya farasi 15. Ni mashine ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, yenye silinda mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 246, na uzito wake wa kilo 36 hivi humwezesha mtu mmoja kuibeba begani hadi nyumbani usiku, jambo ambalo kila aliyewahi kuibiwa dikoni analielewa. Huwashwa kwa kamba, haihitaji betri, na muundo wake haujabadilika sana kwa miaka mingi, hata fundi wa kijijini huweza kuifungua kabureta yake akiwa amekaa mchangani. Kasoro yake ni ulaji wa petroli na moshi, na hasa kwamba uhai wake umo mikononi mwa anayechanganya oili. Kwa kipimo cha sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, dumu la lita 20 hutaka mililita 400, zilizopimwa kwa chombo chenye alama na si kwa kukisia. Mashine mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo, kama kitabu chake kinavyoeleza. Oili yenyewe iwe ya mashine za majini, yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki ni rahisi na hupatikana kila duka, lakini imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa hewa, nayo huacha masizi yanayozinasa ringi za pistoni.

Inayofuata ni ndugu yake mkubwa, Enduro ya farasi 40, kwa wenye boti za fiberi na kwa wale wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, mbali na kwao. Sababu za kuipendelea ni zile zile, ila uzito wake unazidi kilo 70 na petroli yake huweza kumaliza faida ya siku ambayo samaki ni haba.

Mashine za mipigo minne nimeziweka daraja la tatu, ingawa kwenye karatasi ndizo bora. Suzuki DF15A, kwa mfano, hunyunyizia petroli kwa mfumo wa kielektroniki usiohitaji betri, ina kilo 44 hivi, na mashine za aina hiyo huokoa takriban robo hadi theluthi ya petroli. Tatizo ni dumu letu. Petroli iliyohamishwa kutoka dumu hadi dumu huingia maji na mchanga, na mfumo huo hausamehe uchafu kama kabureta inavyosamehe. Kwa mvuvi wa Nungwi anayebeba pia wageni, mwenye chujio zuri na fundi mwenye vifaa karibu, ningeipandisha hadi ya kwanza bila kusita. Aliye Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba, asiye na vitu hivyo, asubiri.

Za Kichina, kama Parsun na Hidea, huuzwa kwa bei nafuu, na baadhi ya modeli zake zimefuata muundo wa Yamaha kiasi kwamba spea kadhaa huingiliana. Si za kudharauliwa, lakini thamani yake hushuka haraka siku ya kuuza. Jambo la kuepukwa kabisa ni mashine isiyojulikana ilikotoka iliyobandikwa kava lenye jina kubwa.

Mashine iliyotumika ni ya mwisho, na inunuliwe kwa masharti. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, nazo zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Oili ya gia ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameshapenya kwenye sili. Kibati cha namba kikiwa kimekwanguliwa, mazungumzo yaishie hapo hapo. Majaribio yafanyike baharini, chombo kikiwa na mzigo, kwa sababu mashine inayonguruma vizuri ndani ya pipa haijathibitisha chochote. Mchirizi wa maji ya kupozea utoke kwa nguvu muda wote.

Katika bajeti ziwekwe pia impela ya pampu ya maji, plagi mbili, kamba ya kuwashia na pini za pangaboi. Vitu hivi viombwe kabla ya fedha kukabidhiwa, kwani muuzaji huwa mkarimu zaidi wakati mashine ingali dukani kwake.