Gazi: nimeuona mkoko ukiwa hai

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, chini ya dari ya boriti za mikoko. Marehemu baba aliuza miti ya kujengea, kwa hiyo fito, pau, mazio na boriti, yaani miti hiyo kwa unene wake, nilizijua kabla sijajua kusoma. Ila mti wenyewe, umesimama topeni na majani yake, sikuwahi kuukaribia mpaka Jumamosi iliyopita, nilipokwenda Gazi, Kwale, kwenye daraja la mbao la kina mama wa kijiji, linalopita katikati ya mikoko.

Mwenye gari tulilokodi alituapia kwamba saa yoyote ni sawa. Si kweli! Tulikuta maji yamejaa, mizizi yote imefunikwa, tukangoja zaidi ya saa mbili. Ulizeni kwanza maji yanapwa saa ngapi.

Yalipopwa, tope lilianza kutembea. Kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa kama mwili wake, analipunga kumwita jike. Kaa mwingine alikokota jani la manjano la mkoko, likamkwama mlangoni mwa shimo, akaligeuza, akalivuta kwa kikonyo mpaka likazama. Nilisimama hapo mpaka wenzangu wakaniacha.

Mama aliyetuongoza anaijua miti kama watu wa mtaani kwake. Kumbe mikoko ni ya aina nyingi. Mlilana ndio uliotangulia baharini. Mkoko wenyewe hasa una mizizi iliyopinda kama magoti, na mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama ganda la mlonge. Kuna muia, kuna mkandaa. Halafu mchu, unaopumua kwa vijiti vilivyochomoza topeni. Alichuma jani lake. "Ramba, mwanangu." Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari, chumvi unaitoa majanini kama jasho.

Tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kijiji kinauza hewa ya ukaa, yaani kinalipwa kwa hewa chafu iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko iliyosimama, na fedha hizo zimeingia kwenye maji na shule. Boriti ya baba ililipwa mara moja tu. Hilo nililifikiria njia nzima ya kurudi Likoni.

Chakula agizeni mapema: wali wa nazi na samaki, tui zito, la kukuna kwa mkono.

Nitarudi na ami yangu. Ujanani alikuwa akizitia nyavu zake rangi kwa maganda ya mkandaa ya kununua sokoni. Nataka aushike mti wenyewe.