Tawi jipya la kubadilishana wanafunzi Mombasa: familia sawa, kalenda bado

Nyota 3 kati ya 5.

Programu ya kumpeleka mwanafunzi ng'ambo mwaka mzima wa masomo, na kumleta mwenzake akae Mombasa, haisimami kwa ofisi wala bango. Husimama kwa familia wenyeji. AFS, shirika la kimataifa la kubadilishana wanafunzi lililoanza kazi hii kwa wanafunzi wa sekondari mwaka 1947, lilijengwa juu ya watu wa kujitolea, na tawi hili jipya limeliona hilo.

Ukaguzi wao wa nyumba ni mkali, na ndivyo ipasavyo. Mgeni awe na kitanda chake, bafu lifungike kwa ndani, na kila mtu mzima wa nyumba alete cheti cha tabia njema cha polisi: unajaza fomu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050, kisha unapigwa alama za vidole. Nyumba za ghorofa za Kibokoni, Mji wa Kale, hukwama hapa. Ami anayekaa chini hujihesabu hayumo, ilhali ana ufunguo wa mlango wa mbele. Cheti chake kikikosekana faili halisongi, na wasilegeze.

Mafunzo kwa wenyeji ndiyo hafifu: kikao kimoja cha asubuhi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini familia nyingi humkirimu mtoto miezi mitatu, hata sahani haoshi, halafu wakashangaa anajifungia chumbani. Apewe zamu ya vyombo wiki ya kwanza. Na Ramadhani, kwa asiyefunga, iandikwe mapema nani atampakulia mchana, maana jiko halitawashwa hadi alasiri.

Kwa wanaosafiri, pasipoti ya mtoto inataka idhini ya wazazi, basi mzazi anayefanya kazi nchi za Ghuba aanze kutafutwa mapema. Viza ya Marekani mahojiano yake ni Nairobi. Tengeni nauli ya treni ya SGR ya watu wawili.

Kasoro kubwa ni kalenda. Shule zetu huanza Januari, za Ulaya na Marekani Agosti au Septemba. Mtoto huondoka muhula wa pili ukiisha na kurudi Juni au Julai, katikati ya mwaka, darasa lake likiwa limeshasonga mbele. Tawi halina mapatano na shule yoyote kuhusu hili. Mzazi, usitie saini kabla mwalimu mkuu hajakupa barua inayotaja darasa atakaloingia akirudi.