Uzoefu wangu: kamera ya mtego yenye laini ya simu kwa kukadiria umri wa madume ya kulungu, kaskazini mwa Missouri, Marekani

Kamera ninayoiongelea ni ile ya kufunga kwenye mti, ina laini yake ya simu ndani, kulungu akipita mbele inapiga picha na kuitupa kwenye apu, hata uwe kazini Kansas City unaiona hapohapo. Bei yake ni dola 100 na ushee, bando ya mwezi kama dola 10 hivi. Jina la kampuni naliacha, kamera za bei hii zinakaribiana sana na haya nitakayosema yatakufaa hata ukichukua nyingine. Naipa nyota 4 kati ya 5, na kwa mtu anayejali umri wa dume kabla ya kufyatua risasi mimi naona ni kifaa cha lazima.

Kwa wasiojua, hapa Missouri tangu 2004 kuna kaunti zenye sheria ya ncha nne, yaani dume lazima awe na ncha zisizopungua nne upande mmoja wa pembe, na ncha inahesabika ikiwa na urefu wa inchi 1 au zaidi. Lengo ni kuwanusuru wale madume wadogo wa mwaka 1.5 wasiishe wote kila Novemba. (Hesabu inakuwa na nusu kwa sababu wanazaliwa kama mwezi wa tano au wa sita, sasa msimu ukifika wanakuwa na miezi ya ziada.) Sheria ni nzuri na naiunga mkono ila inaangalia ncha, haiangalii umri, na dume wa miaka 2.5 aliyekula vizuri mahindi na soya za watu anaweza kukutokea na ncha nane au kumi ukadhani ndiye mfalme wa pori. Mzee mwenye shamba ninapowinda tumekubaliana naye kitu kimoja, dume wa chini ya miaka 4.5 hapigwi. Dume huwa anafikia pembe zake kubwa kabisa akiwa na miaka kama 5 hadi 7, kwa hiyo ukimwangusha wa 2.5 umekata mti kabla haujazaa.

Sasa hapo ndipo kamera inapofanya kazi yake, maana ukiwa umekaa juu ya mti na dume anakatiza mbio kwenye miti una sekunde chache tu na macho yote yanakimbilia pembe. Kwenye picha unatulia. Mimi nikifungua picha naziba pembe kwa kidole gumba kabisa halafu naangalia mwili: wa mwaka 1.5 anafanana na jike aliyebandikwa pembe, shingo nyembamba, miguu inaonekana mirefu kuliko mwili. Wa 2.5 kaanza kujaa ila kiuno bado chembamba na miguu bado mirefu. Wa 3.5 huyu ndiye anawapoteza wengi jamani, kifua kipana, msuli umekaa, anapendeza kweli, ila ukitazama shingo inapokutana na bega unaona bado kuna mstari unaozitenga, na tumbo limepanda juu kuelekea mapajani. Akifika 4.5 shingo wakati wa msimu wa kupandana inavimba mpaka inaungana na kifua unaona kitu kimoja tu, na kiuno kinakuwa usawa mmoja na kifua. Kuanzia 5.5 tumbo linaanza kuning'inia, mgongo unabonyea kidogo, miguu inaonekana mifupi japo haijafupika. Cheki pia zile tezi za ndani kwenye kiungo cha mguu wa nyuma, dume mkubwa anazikojolea mara kwa mara mpaka zinakuwa nyeusi na weusi unashuka chini mguuni.

Kitu ambacho nadhani watu hawakizingatii ni tarehe ya picha. Kipindi cha kupandana, kilele chake hapa ni katikati ya Novemba, dume hali vizuri, anakimbiza majike usiku na mchana na anaweza kupoteza robo ya uzito wake, sasa ukimpiga picha Desemba mwishoni yule mzee wa miaka 5.5 kakonda kiuno kimeingia ndani unampa 3.5 bila wasiwasi. Na Julai pembe zikiwa bado na ile ngozi ya manyoya shingo ni nyembamba kwa wote, mkubwa na mdogo. Mimi picha ninazoziamini zaidi ni za mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, pembe zimeshakauka na kusuguliwa, mwili umejaa, shingo ndo inaanza kuvimba.

Kwenye hali ya pembe kamera imenisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia, na hapa namaanisha video, si picha. Kulikuwa na dume mmoja pembe ya kulia ilikuwa nzuri, ya kushoto imejikunja imekuwa kama kijiti, ukihesabu ncha unamwona ni dhaifu wa mbegu, na wapo jirani waliosema huyo apigwe aondoke asiendelee kuzaa. Video ya sekunde chache ikamwonyesha anachechemea mguu wa nyuma wa kulia. Kulungu akiumia mguu wa nyuma mara nyingi pembe inayoharibika ni ya upande wa pili, ni jambo linalojulikana kwa wataalamu, kwa hiyo ile pembe ilikuwa habari ya jeraha wala si ya ukoo. Mwili wake ukasema 4.5 kwenda juu. Ncha zilizovunjika nazo utaziona kwenye picha za Novemba, wanapigana sana, linganisha na picha za Septemba ujue alianza na nini.

Ukitaka kukadiria ukubwa wa pembe, tumia masikio, sikio moja ni takriban inchi 6 na masikio yakisimama kwa tahadhari ncha hadi ncha ni kama inchi 16. Pembe zikitoka nje ya masikio pande zote ujue una dume mpana. Ila usianze kumpigia hesabu za Boone and Crockett, ile klabu ya Marekani inayoweka rekodi za pembe kubwa, wao kitabu chao cha kudumu kinaanzia alama 170 kwa pembe za kawaida na kila upande usipolingana na mwenzake wanakata, kwenye picha utajidanganya tu.

Udhaifu wake sasa. Picha za usiku dume akitembea zinakuwa na ukungu, mstari wa tumbo hauuoni vizuri, na umri bila mstari wa tumbo ni kubahatisha. Megapikseli nyingi zilizoandikwa kwenye boksi hazisaidii hapo. Apu ina kichujio cha kutenganisha madume na majike, kinafanya vizuri mpaka Januari hadi Machi pembe zikianza kudondoka, baada ya hapo dume mzima na kifua chake anawekwa kundi la majike, kwa hiyo wakati huo pitia picha zote mwenyewe. Video nazo zinakula bando. Na baridi ya huku betri za kawaida zinakufa haraka, weka za lithiamu.

Uliza pia kama makadirio ya picha yanaaminika. Kuna njia ya meno, ile ya mtafiti Severinghaus ya 1949, unaangalia jino la tatu la shavuni taya la chini, la utotoni lina vilima vitatu na la ukubwani viwili, hiyo inamtenga wa mwaka 1.5 vizuri sana, ila wakubwa unabaki kukisia kwa kuisha kwa meno. Mimi dume niliyempata msimu uliopita niling'oa meno mawili ya mbele nikatuma maabara Montana, wanakata mzizi na kuhesabu mistari ya kila mwaka kwa hadubini, majibu yanachukua miezi. Yakarudi 4.5, kama tulivyokadiria mimi na mzee kwa picha za Oktoba. Sidai itakuwa hivyo kila mara, kwa wale wa 5.5 na zaidi mimi naandika tu "mkubwa" basi.

Ufungaji: usawa wa kiuno cha mtu, ielekee kaskazini jua lisiipige usoni, na isitazame njia moja kwa moja bali ikate njia kwa pembeni ili dume apite ubavu. Nikiongeza ya pili naifunga kona ya shamba la soya, maana Julai na Agosti madume wanatoka kwa makundi jioni mapema, mkubwa na mdogo wanasimama kwenye picha moja, na hapo tofauti ya kifua na tumbo unaiona bila kukisia.